Mgeni Njoo, Mwenyeji Aangamie? Kome wa Maziwa Makuu na Wajibu wa Wanakiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kauli hii imefundishwa madarasani kwa miaka na mikaka kama kielelezo cha ukarimu wa Mwafrika, na hapana shaka kwamba ina ukweli mwingi. Hata hivyo, yapo mazingira ambamo methali hii hupinduka: mgeni huja na mwenyeji akaangamia. Mfano ulio bayana kabisa wa mpinduko huo ni kisa cha kome wa maji baridi katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Kisa hiki kimeandikwa sana na wanabayolojia, nacho aghalabu husomwa katika idara za sayansi. Nadra sana kukuta kikijadiliwa na wanafunzi au wahadhiri wa Kiswahili, ilhali ndani yake mna suala la lugha ambalo halipaswi kupuuzwa.

Makala haya yanashikilia rai moja: kwamba kiumbe asiye na jina katika lugha ya watu wanaoishi naye hufa bila matanga, na kwamba kazi ya kumpa jina, au kulihifadhi jina alilo nalo, ni ya mwanalugha kabla haijawa ya mwanasayansi. Ili rai hii ieleweke, itabidi kwanza kisa chenyewe kisimuliwe, kisha kilinganishwe na hali ya maziwa ya Afrika Mashariki, na hatimaye kizingatiwe kwa mintarafu ya lugha.

Kwa minajili ya mjadala huu, neno kome litatumiwa kumrejelea mnyama yeyote wa majini mwenye mwili laini uliohifadhiwa kati ya magamba mawili yanayofunguka na kufungika mithili ya kitabu. Inafahamika kwamba matumizi ya neno hili hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, na kwamba baadhi ya wasemaji wa pwani hulitumia kwa viumbe wa jamii ya konokono wa baharini. Utata huo wenyewe ni sehemu ya tatizo linalojadiliwa hapa.

Kisa cha mgeni asiyealikwa

Mnamo mwaka wa 1988, watafiti waliokuwa wakichunguza Ziwa St. Clair, lililo mpakani mwa Kanada na Marekani, walimpata kome mdogo mwenye mistari myeusi na myeupe. Hakuwa wa huko. Asili yake ni maji ya eneo la Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, na alikuwa amekwisha kuenea katika mito na mifereji ya Ulaya tangu karne ya 19. Kwa sababu ya mistari yake, Wazungu walimwita kwa jina la punda milia. Mwaka uliofuata, ndugu yake wa karibu alipatikana katika Ziwa Erie. Huyu naye aliitwa kwaga, jina la mnyama wa Afrika Kusini wa jamii ya punda milia ambaye wa mwisho wake alifia katika bustani ya wanyama ya Amsterdam mwaka wa 1883. Ni kinaya kwamba jina la mnyama wa Kiafrika aliyeangamizwa na bunduki za walowezi sasa limebebwa na kome anayeangamiza wengine.

Je, kome hawa walivukaje bahari? Jibu limo katika neno ambalo mabaharia wa Kiswahili walikuwa nalo tangu zama za majahazi: farumi. Chombo kisichokuwa na shehena huelea juu mno na huweza kupinduka, hivyo nahodha hutia kitu kizito chini yake. Katika majahazi farumi ilikuwa mawe au mchanga. Meli za kisasa za chuma hutumia maji. Hufyonza maji katika bandari moja na kuyamwaga katika bandari nyingine, na ndani ya maji hayo huwamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wakiwemo wana wachanga wa kome. Baada ya njia ya meli ya St. Lawrence kufunguliwa mwaka wa 1959, meli kubwa za baharini ziliweza kuingia hadi kitovu cha bara la Amerika Kaskazini, na farumi zao zikaingia pamoja nazo.

Kasi ya ueneaji wa mgeni huyu ilistaajabisha. Kufikia mwaka wa 1990 alikuwa amepatikana katika Maziwa Makuu yote matano. Mnamo Desemba 1989, mji wa Monroe katika jimbo la Michigan ulikosa maji kwa siku mbili, kwa kuwa mdomo wa bomba lililovuta maji kutoka Ziwa Erie ulikuwa umezibika, na kome hawa walikuwa wamejaa humo. Kuanzia hapo taifa likaamka. Sheria ya kuzuia viumbe wa aina hii ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka wa 1990. Mkataba wa kimataifa kuhusu udhibiti wa farumi za maji ulikamilishwa mwaka wa 2004, lakini haukuanza kutumika hadi Septemba 2017. Kenya ni miongoni mwa mataifa yaliyouridhia.

Msomaji makini ataona jambo moja. Taifa liliamka mabomba yalipoziba. Mwenyeji wa kwanza kuumia hakuwa mkazi wa Monroe. Alikuwa kome mwenyeji aliyekuwa akifa kimyakimya chini ya ziwa.

Mwenyeji anavyouawa

Amerika Kaskazini ina takriban aina 300 za kome wa maji baridi, idadi inayolipita bara jingine lolote. Wengi wao huishi miongo kadhaa, hujichimbia nusu mwili katika mchanga au matope, na hula kwa kuchuja maji. Namna yao ya kuzaana ni ya ajabu. Mtoto wa kome mwenyeji hawezi kukua mpaka ajishikize kwanza kwenye matamvua au mapezi ya samaki, akae hapo kwa muda, kisha aanguke chini ya maji na kuanza maisha yake. Zipo aina ambazo mama yake ana kipande cha nyama kinachochezacheza mfano wa samaki mdogo. Samaki mkubwa anapokuja kukidona akidhani amepata mlo, mama humrushia wanawe usoni. Kwa hiyo kome huyu hategemei maji tu. Anamtegemea samaki fulani, na samaki huyo akitoweka, kome naye hukosa kizazi hata kama maji ni safi.

Mgeni hana masharti hayo. Jike mmoja huweza kutoa hadi mayai milioni moja kwa mwaka, na wanawe huelea wenyewe majini bila kumhitaji samaki yeyote. Akishakua kidogo hutoa nyuzi imara na kujigandisha kwenye kitu chochote kigumu: jiwe, bomba, nanga, ubavu wa mashua. Katika sakafu ya ziwa yenye mchanga na matope, kitu kigumu kilicho karibu mara nyingi ni gamba la kome mwenyeji. Mamia, na wakati mwingine maelfu, humganda mmoja. Mwenyeji hushindwa kufungua magamba yake ili ale, au hushindwa kuyafunga ili ajikinge. Hushindwa kutembea. Kidogo kinachopita majini huchujwa na wageni waliompanda mgongoni kabla hakijamfikia. Hufa kwa njaa akiwa amezungukwa na maji.

Katika sehemu za wazi za Ziwa St. Clair, kome wenyeji walikuwa wametoweka karibu wote kufikia katikati ya miaka ya 1990. Katika Ziwa Erie hali ilikuwa iyo hiyo. Pamoja na hayo, ukweli unadai kusemwa kikamilifu: mgeni hakumkuta mwenyeji akiwa na siha. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, kome wa mito ya Marekani walivuliwa kwa wingi ili magamba yao yatengenezwe vifungo vya nguo. Mabwawa yakaziba mito na kuwazuia samaki waliowabeba watoto wao. Viwanda na mashamba yakamwaga sumu. Mnamo Oktoba 2023, serikali ya Marekani ilipotangaza rasmi kwamba viumbe 21 vimetoweka duniani, 8 kati yao walikuwa kome wa maji baridi, na wengi wa hao waliishi katika mito iliyoharibiwa kwa mabwawa na uchafuzi. Mvamizi, basi, huingia kwa urahisi katika nyumba ambayo ufa wake haukuzibwa.

Hata hivyo, hawakuisha wote. Mwaka wa 1996, maji yalipopunguzwa katika kinamasi kimoja kilicho kando ya Ziwa Erie, maelfu ya kome wenyeji wa aina mbalimbali walikutwa hai. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika matope laini na yenye joto waliweza kujichimbia chini kabisa, na wageni waliowaganda wakakosa hewa au wakang'oka. Kinamasi, mahali ambapo wengi hupaona kama pa kukaushwa na kujengwa, ndicho kilichokuwa ngome ya mwisho ya mwenyeji.

Je, mgeni hana jema?

Wapo wanaodai kwamba kome hawa wageni wana faida. Hoja yao ni kwamba kila mmoja huchuja takriban lita moja ya maji kwa siku, na kwa kuwa wako mabilioni kwa mabilioni, maji ya Ziwa Erie yaliyokuwa machafu sana katika miaka ya 1960 yakawa maangavu. Watalii wakafurahi. Wapigambizi wakaona mabaki ya meli za kale waziwazi.

Hoja hii haifai kubezwa, lakini haifiki mbali. Kile kilichochujwa majini hakikuwa uchafu pekee. Kilikuwa pia mwani mdogo ambao ndio chakula cha wadudu wa majini, ambao nao ni chakula cha samaki. Kule chini ya Ziwa Michigan, kijidudu wa jamii ya kamba aitwaye Diporeia, aliyekuwa mhimili wa lishe ya samaki, alipungua mno baada ya kome kuenea, na samaki waliomtegemea wakakonda. Mwangaza uliopenya hadi chini uliotesha mwani mrefu, ambao hufa, huoza na kutapakaa ufuoni. Sumu inayotokana na bakteria wa mazingira hayo yasiyo na hewa imewaua shakwe na ndege wengine wa majini kwa maelfu. Maji kuwa maangavu si hoja ya kutosha kwamba ziwa ni zima. Kizuri cha nje chaweza kuficha ugonjwa wa ndani, na si kila king'aacho ni dhahabu.

Wapo pia wanaodai kwamba mgeni aking'olewa mapema mambo hurudi kama yalivyokuwa. Hapa pia ushahidi hauwaungi mkono sana. Katika Ziwa Tahoe, magharibi mwa Marekani, ambako kome mwingine mwenye asili ya Asia, wa jenasi ya Corbicula, aligunduliwa mwaka wa 2002, wataalamu walijaribu kuifunika sakafu ya ziwa kwa mikeka ya mpira ili wamnyime hewa. Walipunguza idadi yake mahali walipofunika, lakini hawakumwondoa ziwani. Kome wa milia alimalizwa kabisa katika machimbo ya Millbrook, jimboni Virginia, mwaka wa 2006, kwa kutiwa dawa ya potasiamu. Lakini hilo lilikuwa shimo lililojifunga lenyewe, wala si ziwa lenye mito inayoingia na kutoka. Maji yakimwagika hayazoleki, na mvamizi akienea hazoleki.

Maziwa Makuu ya kwetu

Yamkini msomaji atauliza: hayo ya Kanada na Marekani yatuhusu nini? Ikumbukwe kwamba Kiswahili kina jina moja, Maziwa Makuu, kwa maziwa ya kule na ya huku: Viktoria, Tanganyika, Nyasa na mengineyo. Jina ni moja na mkasa unafanana, ingawa mhusika ni tofauti.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, samaki mkubwa anayejulikana kama mbuta upande wa Kenya na sangara upande wa Tanzania alitiwa katika Ziwa Viktoria. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi. Samaki wadogo wa asili, wanaoitwa fulu au furu, waliokuwa wa mamia ya aina ambazo hazipatikani kwingineko duniani, waliliwa wakaisha. Wataalamu wamekadiria kwamba takriban aina 200 zilitoweka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini, likaingia ziwani, na katika miaka ya 1990 likaifunika Ghuba ya Winam hata mashua zikashindwa kutoka. Fukusi maalumu waliletwa ili walile, likapungua, kisha likarudi tena na tena. Katika Ziwa Naivasha, kamba mwekundu kutoka Louisiana aliingizwa mwaka wa 1970, akala mimea iliyokuwa makao ya viumbe wengine. Mara hii farumi haikuhusika. Mbuta na kamba walitiwa na binadamu kwa kudhamiria, wakitarajiwa kuleta chakula na fedha. Na fedha zililetwa. Haitakuwa haki kulikana hilo, kwani biashara ya minofu ya mbuta imesomesha watoto na kujenga nyumba.

Lakini vipi kuhusu kome wa ziwa hili? Wapo. Wamo wa jenasi za Mutela na Coelatura, na yumo pia chaza wa maji baridi, Etheria, anayejigandisha kwenye miamba. Magamba ya ziwani husagwa na kuchanganywa katika chakula cha kuku, hivi kwamba mtu wa Nairobi au Nakuru aliyekula yai asubuhi huenda amenufaika na kome asiyemjua. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1961 kuhusu Mutela wa maji ya Viktoria na Naili ulionyesha kwamba mtoto wake, sawa na wenziwe wa Amerika, hujishikiza kwenye mwili wa samaki ili akue. Samaki huyo ni yule ambaye Wajaluo humwita fwani. Fwani naye amepungua sana ziwani kwa sababu ya uvuvi wa kupindukia na uharibifu wa mito anamotagia. Anayejua uhusiano huu ataelewa kwamba kila fwani anayenaswa mdomoni mwa mto wakati wa kutaga huondoka na kizazi cha samaki na pengine cha kome. Asiyejua ataona samaki tu.

Ni wangapi wanaojua? Maarifa haya yameandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mvuvi wa Mbita, Homa Bay au Musoma hayaoni. Majina ya kome hao yameandikwa kwa Kilatini. Alifunguaye kamusi la Kiswahili atakuta kome, chaza, kombe na mengineyo, maneno yaliyozaliwa ufuoni mwa bahari kwa sababu wenyeji wa pwani waliokota viumbe hao wakawala. Neno la kumtofautisha kome wa maji baridi na wa chumvi, au la kutenganisha aina moja ya ziwani na nyingine, ni adimu kama maziwa ya kuku. Fulu nao wana neno moja kwa mamia ya aina. Walitoweka kwa pamoja chini ya jina moja, na ni vigumu kuwaomboleza kwa majina yao kwa kuwa katika lugha inayozungumzwa na watu wengi zaidi wa eneo hili hawakuwa nayo.

Linganisha na Marekani. Wavuvi na watengeneza vifungo wa Mto Mississippi, waliowavua kome kwa riziki, waliwapa majina kwa kuangalia maumbo yao: mmoja ni shikio la bastola, mwingine ni ubao wa kufulia, mwingine ni sikio la ndovu. Majina hayo yalitokana na matumizi, na matumizi hayo yaliwadhuru kome. Hata hivyo, wakati wa kuwatetea ulipofika, majina yalikuwapo tayari. Orodha za viumbe wanaolindwa na sheria ya mwaka wa 1973 zilijazwa kwa maneno ambayo raia wa kawaida aliweza kuyatamka. Huwezi kumshitaki mtu mahakamani kwa kumuua asiyetajika.

Mzigo wa neno 'mgeni'

Mwanalugha hawezi kuishia kwenye majina ya viumbe. Anapaswa pia kuyapima maneno yanayotumiwa kuujadili mkasa wenyewe: mgeni, mvamizi, mwenyeji, adui, kung'oa, kuangamiza. Maneno haya si maji ya kunawa. Wakenya wanakumbuka kwamba katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yaliyoua watu zaidi ya 1,100, binadamu waliitwa 'madoadoa' yanayopaswa kuondolewa, na lugha ya kung'oa magugu ilielekezwa kwa majirani. Lugha ya shambani ilihamishiwa kwa watu, na watu wakafyekwa.

Kwa hiyo, anapofundisha au kuandika kuhusu spishi vamizi, mwanakiswahili ana wajibu wa kuweka mpaka ulio wazi. Kwanza, uvamizi si suala la alikotoka kiumbe, bali la anachofanya. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika, na hakuna anayeviita vamizi. Ugali umekuwa mwenyeji kuliko wenyeji. Wengi wa viumbe wanaohamishwa hushindwa kuishi au huishi bila kudhuru. Wachache ndio humganda mwenyeji hadi afe. Pili, kome hana nia. Hakuamua kupanda meli. Aliyeamua kufyonza maji Ulaya na kuyamwaga Amerika bila kujali yaliyomo ni binadamu, kama ilivyokuwa kwa aliyemtia mbuta ziwani. Lawama ikielekezwa kwa kome, mkono uliomleta hujificha. Tatu, binadamu si spishi mbalimbali. Mhamiaji kutoka kaunti moja hadi nyingine si kome wa milia, na yeyote atumiaye mfano wa kome kumhukumu jirani yake anaitumia sayansi kusema uongo.

Ndiyo maana methali ya wahenga haina haja ya kufutwa. Mgeni anayezungumziwa na methali ni yule ambaye siku ya tatu hupewa jembe, akalima pamoja na mwenyeji. Huyo aje, na mwenyeji apone. Farumi haileti mgeni wa namna hiyo.

Wajibu wa wanakiswahili

Baada ya kuyasema hayo, nini kifanyike? Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na papo hapo ikaitwika Dola jukumu la kukuza lugha za kiasili. Majukumu haya mawili hayapingani. Ukusanyaji wa majina ya kome, samaki na mimea ya ziwani kutoka Kijaluo, Kisuba, Kisukuma, Kikerewe, Kihaya na Kiganda ungeyatimiza yote kwa pamoja. Kiswahili kimekwisha kuyapokea sato, sangara, ngege na mbuta kutoka kandokando ya ziwa, na hakijapungukiwa na chochote kwa kufanya hivyo. Badala ya tasnifu nyingine ya mia kuhusu matumizi ya methali katika riwaya ileile, mwanafunzi wa shahada ya uzamili angeweza kukaa miezi mitatu na wavuvi wazee, akaandika majina kabla hayajazikwa pamoja na wenyewe.

Jukumu la pili ni la istilahi. Kome punda milia, kome kwaga, spishi vamizi, farumi ya maji: haya ni maneno yanayoeleweka bila jasho, na moja kati yake, farumi, ni la kale na limelala kamusini likisubiri kazi. Si lazima kila istilahi iundwe upya. Mara nyingi inatosha kumwuliza baharia.

Jukumu la tatu ni la tafsiri kwa ajili ya umma. Kule Amerika wenye mashua hufundishwa vitenzi vitatu ambavyo kwa Kiswahili vingekuwa: safisha, mwaga, kausha. Safisha mashua na nyavu, mwaga maji yaliyobaki ndani, kausha kabla ya kuingia ziwa jingine. Maneno haya matatu yakibandikwa kwenye fuo za Viktoria, Naivasha na Baringo, na yakizungumzwa katika kamati za usimamizi wa fuo kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, yangefanya kazi ambayo ripoti ya kurasa mia mbili haifanyi.

Yapo maoni kwamba kazi hii ni ya idara za sayansi na kwamba Kiswahili kina fasihi na isimu yake ya kushughulikia. Maoni haya yanakifanya Kiswahili kuwa lugha ya kusomea Kiswahili tu. Lugha inayoshindwa kueleza kinachotokea ziwani mwake huwaachia wengine kueleza, na watakaoeleza watachagua pia cha kunyamazia.

Hitimisho

Kome mwenyeji wa Ziwa Erie aliokolewa na vitu viwili: matope ambayo hayakukaushwa, na watu waliojua kwamba alikuwapo hivi kwamba walimtambua walipomkuta hai. Ziwa Viktoria bado lina vinamasi vyake, ingawa vinapungua mwaka hadi mwaka. Wanaomjua kome wake kwa jina nao wanapungua. Cha kwanza kitatetewa na wanamazingira. Cha pili hakina mwenyewe ila wanalugha, na mwenye kovu la fulu hapaswi kungoja la kome ndipo azinduke. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.